Montreal Expos: timu ya besiboli iliyouawa na mabosi, lawama wakabebeshwa mashabiki

Mzalendo wa Benchi (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kule kwenye uzi wa timu zinazohamishwa miji kuna mdau kaandika kwamba Montreal walinyang'anywa timu ya besiboli kwa kuwa Wakanada hawajui kitu zaidi ya hoki ya barafuni. Nikimjibu kule nitawachafulia uzi wao, kwa hiyo naleta wangu. Ni mrefu. Mwenye haraka apite tu.

Msimamo wangu nausema mapema: Expos haikufa kwa kukosa mashabiki. Mashabiki walikuwepo, tena wengi, mpaka pale wenye timu walipoigeuza duka la wachezaji. Sasa tuanze.

Montreal ilijua besiboli muda mrefu kabla ya Expos. Palikuwa na Montreal Royals, timu ya kukuzia vipaji ya Brooklyn Dodgers, ikichezea uwanja wa Delorimier. Mwaka 1946 Dodgers walimpeleka huko Jackie Robinson, mchezaji mweusi, wakati ambao ligi kuu ya Marekani ilikuwa imemfungia milango mtu mweusi kwa miongo kadhaa. Kule Florida walikofanyia mazoezi ya kabla ya msimu, kuna mahali walifunga uwanja kwa kufuli ili asicheze. Alipofika Montreal akapokewa kama mtoto wa nyumbani. Akaongoza ligi yao kwa wastani wa kupiga, .349, Royals wakabeba kombe, na siku hiyo umati ukamkimbiza barabarani kwa furaha. Mwaka uliofuata ndipo akapanda Brooklyn na kuifungua ile milango ya ligi kuu, na hiyo habari mnaijua.

Huo ndio mji mnaosema haujui besiboli.

Timu ya ligi kuu walipewa Mei 1968. Meya Jean Drapeau alikuwa mtu wa mambo makubwa, mwaka mmoja nyuma alikuwa ameandaa maonyesho ya dunia, Expo 67, na jina la timu likatoka huko. Tajiri aliyejitokeza ni Charles Bronfman, wa ile familia ya pombe za Seagram.

Mechi ya kwanza kabisa ilikuwa 8 Aprili 1969, New York, dhidi ya Mets. Wakashinda 11-10. Siku 9 baadaye, kule Philadelphia, mrushaji wao Bill Stoneman akamaliza mchezo mzima bila mpinzani hata mmoja kupata pigo halali. Kuna timu zilisubiri miongo kuona kitu hicho, wao walikuwa na wiki moja na ushee.

Katikati hapo, 14 Aprili, wakacheza nyumbani na St. Louis Cardinals na kushinda 8-7. Ilikuwa mechi ya kwanza ya ligi kuu kuchezwa nje ya Marekani.

Naendelea, msijaze kurasa.

---

Kibopa wa Tandika

Nimekaa siti ya mbele, karanga mkononi. Ila mkuu mimi besiboli siijui hata kidogo. Nikiona naona watu wamesimama tu wanatema mate. Mtu anitoe ushamba kwa maneno machache.

---

Mwanafunzi wa Zamani Azania

Kibopa, ngoja nikusaidie, sisi pale Azania tulifundishwa na Wajapani.

Mmoja anarusha, mmoja ana gongo. Mwenye gongo akiupiga vizuri anakimbilia vituo vinne kwa zamu, akizunguka vyote na kurudi alipoanzia ni alama moja. Akiupiga ukapita juu ya uzio anazunguka anatembea, hakuna wa kumgusa. Kila upande ukitolewa watu watatu zamu inageuka. Zamu ni 9 (ikiwa sare zinaongezwa), hakuna saa. Hiyo ya mwisho ndiyo tamu yake: ukiwa nyuma huwezi kusema muda umeisha, mpaka mtu wako wa mwisho atolewe.

Kwenye ligi kuu kila timu inacheza mechi 162 kwa msimu. Kwa hiyo wakisimama tu usiwalaumu.

---

Mzalendo wa Benchi

Shukrani Azania, umeniokolea aya tatu.

Uwanja wa kwanza wa Expos uliitwa Jarry. Kilikuwa kiwanja cha mtaani kwenye bustani ya jiji, wakakiongeza majukwaa haraka haraka mpaka kikabeba watu 28,000 na kidogo. Kilikuwa na kasoro ambayo fundi yeyote angeiona: jua la jioni lilizama mbele ya macho ya mchezaji wa kituo cha kwanza, na kuna nyakati mechi ilisimamishwa mpaka jua lishuke. Nyuma ya uzio wa kulia palikuwa na bwawa la kuogelea la umma. Willie Stargell wa Pittsburgh aliwahi kuutumbukiza mpira humo, watu wakaliita bwawa la Willie.

Timu ilikuwa mbovu miaka hiyo, lakini watu walikuwa na furaha nayo. Nyota wa kwanza ni Rusty Staub, mwenye nywele nyekundu, aliyejifunza Kifaransa ili aongee na watu wa mji. Wakamwita Le Grand Orange. Uongozi ukamuuza kwa Mets mwaka 1972. Likumbukeni hilo, ni la kwanza kwenye orodha ndefu.

Mwaka 1977 wakahamia Olympic Stadium, lile dude la zege lililojengwa kwa ajili ya Olimpiki ya 1976. Mnara wake haukuwa umekamilika Olimpiki ilipofika, na paa lilikuja kuwekwa 1987. Deni lake wananchi wa Quebec walilipa kwa kodi ya sigara mpaka 2006. Fikirieni mvutaji aliyezaliwa mwaka wa Olimpiki analipia uwanja huo akiwa na miaka 30.

Sasa sikilizeni wale wa "hakuna mashabiki". Mwaka 1979, 1980, 1982 na 1983, Expos waliingiza zaidi ya watu milioni 2 kila msimu, ndani ya uwanja ule wa baridi usio na paa. Kwanini? Kwa sababu timu ilikuwa moto. Gary Carter mdakaji, Andre Dawson uwanja wa nje, Tim Raines mwizi wa vituo (kukimbilia kituo kabla mrushaji hajastuka, siyo wizi wenu huu), Steve Rogers mrushaji. Watatu wa kwanza wote leo wamo kwenye Jumba la Heshima la besiboli na wamevaa kofia ya Expos kwenye vibao vyao.

---

Bint Kisauni

Kumbe wizi unaruhusiwa na mtu awekwa kwenye jumba la heshima! Huu mchezo waletwe Mombasa.

Endelea kaka, twakusikiliza.

---

Mzalendo wa Benchi

Dada yangu, Mombasa mtachukua ubingwa mwaka wa kwanza.

1981. Mwaka huo wachezaji wa ligi nzima waligoma kuanzia Juni hadi Agosti. Ligi iliporudi, wakubwa wakaamua kuugawa msimu vipande viwili, na washindi wa kila kipande wakutane. Expos wakashinda kipande cha pili. Wakaitoa Philadelphia 3-2. Wakakutana na Los Angeles Dodgers (wale wale wa Brooklyn, walishahama mji), mshindi anakwenda fainali kuu. Ikafika mechi ya tano, 2-2.

Mechi ilikuwa ichezwe Jumapili, mvua ikaisogeza hadi Jumatatu, 19 Oktoba, nyumbani Montreal. Baridi inauma. Dodgers wamemsimamisha Fernando Valenzuela, yule mtoto wa Kimeksiko wa miaka 20 aliyeshangaza dunia mwaka ule. Expos wana Ray Burris. Zamu 8 zimepita, 1-1.

Zamu ya 9 kocha Jim Fanning anamtoa Burris, anamwingiza Steve Rogers, bora wao, lakini ni mtu wa kuanza mechi, siyo wa kuingia mwishoni. Watu wawili wa Dodgers wanatolewa. Amebaki mmoja tu zamu igeuke. Anakuja Rick Monday. Hesabu inafika mirusho mitatu mibaya, mmoja mzuri, maana yake Rogers hana pa kukwepa, lazima aurushe pale pa kupigika. Anaurusha. Monday anaupiga kuelekea katikati kabisa ya uwanja. Dawson anarudi nyuma, anarudi nyuma, uzio umemfika mgongoni, mpira umeenda.

Dodgers 2, Expos 1. Kule Montreal mpaka leo siku hiyo ni Blue Monday, jina la siku na jina la mtu vikagongana. Dodgers wakaenda kubeba ubingwa. Expos hawakukaribia tena namna ile, wala hawakucheza hatua ya mtoano tena wakiwa Montreal. Miaka 36, mtoano mara moja tu, na iliwezekana kwa sababu ya mgomo.

Mgomo wa pili ndio uliowazika. Nakuja.

---

Mtaalam wa Kahawa

Mkuu mbona unaruka ile ya mwanasesere wao kupewa kadi nyekundu? Hiyo ndiyo habari.

---

Mzalendo wa Benchi

Haha, sawa. Expos walikuwa na Youppi, lile lidude la manyoya ya rangi ya chungwa linalochekesha watoto. Agosti 1989, Dodgers hao hao wako Montreal. Youppi anarukaruka juu ya kibanda cha Dodgers, kocha wao Tommy Lasorda akapanda hasira, akamwita mwamuzi, mwamuzi akamtoa Youppi nje. Ndiye mwanasesere wa kwanza kutolewa mchezoni ligi kuu. Mechi yenyewe ilikwenda zamu 22 na Dodgers wakashinda 1-0. Walioondoka mapema naye hawakukosa kitu.

Turudi. Bronfman alichoka. Mishahara ya wachezaji ilikuwa inapanda, analipa kwa dola ya Marekani huku anakusanya dola ya Kanada. Carter akauzwa kwa Mets mwisho wa 1984. Dawson akaondoka 1987 kwenda Chicago na mwaka huo huo akawa mchezaji bora wa ligi. Randy Johnson, yule mrefu kama mlingoti, wakamtoa kwa Seattle 1989 akiwa bado mbichi. Mwaka 1991 Bronfman akauza timu kwa kikundi cha wafanyabiashara wa pale pale, kikiongozwa na Claude Brochu.

Na 1991 hiyo hiyo, Septemba, boriti ya zege ya tani 55 ikadondoka kutoka kwenye uwanja. Hakuumia mtu. Lakini mechi zote za nyumbani zilizobaki wakazichezea ugenini. Sasa mniambie ni shabiki gani atampeleka mwanawe kwenye uwanja unaodondosha zege.

Pamoja na yote hayo wakajenga timu bora kuliko zote walizowahi kuwa nayo. 1994. Kocha Felipe Alou, Mdominika, na mwanawe Moises Alou akiwa mmoja wa wapigaji wake. Larry Walker, Mkanada halisi. Marquis Grissom. Ken Hill. John Wetteland wa kufunga mechi. Na kijana mwembamba aliyetoka Dodgers waliodhani ni mdogo mno wa mwili, Pedro Martinez. Malipo yao yote yalikuwa miongoni mwa madogo kabisa kwenye ligi.

Agosti ilipofika walikuwa wameshinda 74, wamepoteza 40. Hakuna timu yoyote, kwenye ligi zote mbili zinazounda ligi kuu, iliyokuwa na rekodi hiyo. Atlanta Braves, waliokuwa wafalme wa zama hizo, walikuwa nyuma yao mechi 6.

12 Agosti 1994 wachezaji wakagoma, wakipinga mpango wa wenye timu wa kuweka kikomo cha mishahara. Mwezi mmoja ukapita hakuna mazungumzo ya maana. 14 Septemba msimu ukafutwa wote pamoja na fainali kuu. Vita mbili za dunia hazikuweza kuifuta fainali hiyo, mishahara iliweza.

---

Kibopa wa Tandika

Duh. Yaani unaongoza ligi halafu ligi inafutwa? Huku kwetu wangegawana uwanja kwa matofali.

---

Mshika Dau

Mleta uzi, naheshimu kazi yako ila hapa unapindisha. Mgomo uliumiza timu zote 28 za wakati ule. Wenzao waliamka, Montreal hawakuamka. Mwaka 2001 waliingiza watu 642,745 msimu mzima. Msimu mzima mkuu! Hiyo ni takriban watu elfu 8 kwa mechi. Ndiyo mashabiki unaowatetea?

---

Mzalendo wa Benchi

Mshika Dau, namba yako ni sahihi. Nilikuwa nasubiri mtu ailete. Sasa tazama kilichotangulia.

Mgomo uliisha mwanzoni mwa Aprili 1995, baada ya jaji mmoja wa New York kutoa amri dhidi ya wenye timu. (Jaji huyo ni Sonia Sotomayor, ambaye leo yuko Mahakama ya Juu kabisa ya Marekani.) Mashabiki wa Montreal wanasubiri kuiona timu yao ya 74-40 ikimalizia kazi. Brochu na wenzake wakaangalia hesabu, wakasema hakuna hela. Ndani ya siku chache za Aprili hiyo: Hill kwenda St. Louis. Wetteland kwenda Yankees. Grissom kwenda Braves, wale wale waliokuwa nyuma yao. Walker wakamwacha aende Colorado bila kumpa ofa ya kumbakisha.

Unajua nini kilifuata? Oktoba 1995 Braves wanachukua ubingwa, mpira wa mwisho kabisa unapaa, anayeukamata ni Grissom. Mwaka 1996 Yankees wanachukua, mchezaji bora wa fainali ni Wetteland. Mwaka 1997 mchezaji bora wa ligi yao ni Walker. Mwaka huo huo Pedro anapata tuzo ya mrushaji bora akiwa bado Montreal, na Novemba wanamuuza Boston.

Mshika Dau, wewe ungenunua tiketi 1998? Jezi ya nani ungemnunulia mtoto, wakati kila jina mgongoni lina tarehe ya kuuzwa?

Na elfu 8 hao wa 2001 walikwenda wapi kwa habari? Msimu wa 2000 timu haikuwa na matangazo ya redio wala televisheni kwa Kiingereza. Timu ya ligi kuu! Kwa Kifaransa ndiyo walisikika, redioni na Jacques Doucet, aliyewatangaza tangu miaka ya mwanzo.

---

Kagoma Boy

Mleta uzi nakuunga mkono. Mimi naishi Montreal, sisi Warundi na Wakongomani wa Kiswahili tuko wengi huku. Kofia za Expos, ile yenye rangi tatu, zinavaliwa kila kona ya mji hadi na vijana waliozaliwa timu ikiwa imeshaondoka. Jarry nako pamekuwa uwanja wa tenisi, yale mashindano makubwa ya kiangazi yanafanyika pale. Bwawa bado lipo, watoto wanaogelea.

Tuelezee na huyo Loria, wazee wa huku ukimtaja wanabadilika sura.

---

Mzalendo wa Benchi

Kagoma, ndipo nilipofika. Jeffrey Loria, mfanyabiashara wa sanaa wa New York, aliingia mwishoni mwa 1999 na asilimia 24 tu. Kila mara akawaita wenzake waongeze pesa, waliposita yeye akaweka, hisa zao zikamomonyoka. Muda si mrefu alikuwa na zaidi ya asilimia 90.

Kulikuwa na mpango wa uwanja mpya katikati ya mji. Serikali ya Quebec ilikataa kutoa hela ya umma, Waziri Mkuu Lucien Bouchard akisema haiwezekani kujenga uwanja wakati hospitali zinafungwa. Hapo siwezi kumlaumu, kwa kweli.

Novemba 2001 wenye timu wakapiga kura 28 kwa 2 kuzifuta timu mbili. Expos ilikuwa kwenye kapu, pamoja na Minnesota Twins. Mahakama ya Minnesota ikaamuru Twins wamalizie mkataba wao wa uwanja, mpango ukakwama. Expos ikaponea kwenye mgongo wa jirani.

Februari 2002 ndiyo mwizi alionekana mchana. Ligi yenyewe ikainunua Expos kwa dola milioni 120. Loria akachukua hela hiyo, akaongezewa mkopo na ligi, akanunua Florida Marlins kwa milioni 158.5. Akaondoka na watu wake, kompyuta na ripoti za wasaka vipaji. Mwaka 2003 Marlins wakawa mabingwa.

Kwa hiyo Expos sasa inamilikiwa na wapinzani wake 29. 2003 na 2004 mechi zaidi ya 20 za "nyumbani" kila msimu wakazihamishia San Juan, Puerto Rico. Mwisho wa Agosti 2003 timu iko kwenye mbio za mtoano. Septemba timu zote huruhusiwa kuongeza wachezaji kutoka chini. Expos wakanyimwa, eti bajeti. Mshika Dau, nani hapo kakosa mapenzi na timu?

29 Septemba 2004 ikatangazwa timu inakwenda Washington. Jioni hiyo hiyo ilikuwa mechi ya mwisho nyumbani, na mpinzani, kama vile mtu kapanga, ni Marlins ya Loria. Wakaja watu 31,395. Mtu akatupa mpira wa gofu uwanjani, kocha Frank Robinson akawatoa wachezaji wake kwa muda. Wakafungwa 9-1. Wa mwisho kutolewa ni Terrmel Sledge, mpira umepaa kwa Mike Mordecai kituo cha tatu. Siku chache baadaye wakamalizia msimu New York dhidi ya Mets, palepale walipoanzia 1969.

Mwaka 2006 ligi ikaiuza timu, sasa ikiitwa Washington Nationals, kwa familia ya Lerner. Bei: milioni 450. Walinunua kwa 120.

---

Mshika Dau

Sawa, hiyo ya 120 na 450 imenikaa kooni. Bado nasema mji wenye mapenzi ya kweli ungejaza uwanja hata kwa hasira. Cleveland walipotezewa timu yao ya futiboli ya Kimarekani katikati ya miaka ya 90, wakapiga kelele mpaka wakarudishiwa jina na rangi zao. Montreal walipiga kelele gani?

---

Mwanafunzi wa Zamani Azania

Mshika Dau, Cleveland wana wabunge Washington. Montreal nani angewapigia simu?

---

Mukasa wa Lugazi

Mimi ni wa Uganda, nimewasoma tangu mwanzo. Huku besiboli ipo, watoto wa Lugazi walifika mashindano ya dunia ya watoto kule Marekani mwaka 2012, na mwaka 2022 Dodgers walisaini vijana wetu wawili, Ben Serunkuma na Umar Male. Ninachouliza: Washington walipobeba ubingwa 2019, watu wa Montreal walifurahi au walinuna? Na timu itarudi?

---

Mzalendo wa Benchi

Mukasa, hongera zenu, hiyo ya Lugazi naijua.

2019 walijigawa. Kuna waliosema ni damu yetu, kuna waliozima televisheni. Mimi ningezima. Historia ya Expos waliibeba Washington, lakini zile namba za jezi zilizokuwa zimestaafishwa kwa heshima ya Carter na wenzake wakazigawa upya kwa wachezaji wengine. Bango la namba hizo limening'inizwa Montreal, kwenye uwanja wa hoki wa Canadiens. Youppi naye alihamia Canadiens 2005. Kwa hiyo hoki, ile mnayosema iliua besiboli, ndiyo iliyolea yatima.

Kuhusu kurudi: tangu 2014 Toronto Blue Jays walikuwa wanakuja kucheza mechi za maandalizi Olympic Stadium na watu walijaa makumi ya maelfu. Machi 2018 Vladimir Guerrero Jr., aliyezaliwa Montreal baba yake akiwa nyota wa Expos, akapiga mpira juu ya uzio zamu ya 9 na kuimaliza mechi 1-0. Mechi ya kirafiki, isiyo na alama, lakini tafuteni ile video mwone watu walivyokuwa.

Baadaye kukawa na mpango Tampa Bay wacheze nusu msimu kwao na nusu Montreal. Ligi ikaukataa Januari 2022. Aliyekuwa anaongoza upande wa Montreal ni Stephen Bronfman, mtoto wa Charles. Tangu hapo kimya.

---

Kibopa wa Tandika

Mkuu swali la mwisho, wale waliovaa namba za Carter kule Washington wanacheza vizuri lakini?

---

Mzalendo wa Benchi

Kibopa, namba 8 ya Carter imepita migongoni mwa wengi. Jumba la Heshima mpaka sasa hajaingia hata mmoja wao.